Kumbukumbu Mfukoni mwa Koti

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Kayole nzima imevaa masweta mawili mawili. Mimi nina joto la hasira.

Kompyuta zimefika ukumbini. Zilikuwa za Barre, mfanyabiashara wa jumla kule Eastleigh, ambaye amefunga ofisi yake moja na kuwapa wakazi wa mtaa wetu vifaa vilivyokuwemo. Nilizipokea mimi. Nilizibeba mimi. Funguo za ukumbi ninazo mimi tangu nilipostaafu kazi ya reli. Kwa hiyo nilitarajia jambo moja tu: kwamba mwalimu wa darasa la watu wazima nitakuwa mimi.

Mwenyekiti Nyawira akasimama mkutanoni akasema mwalimu amepatikana. Ruqiyo. Msichana wa juzi, mpwa wa Barre. Ana diploma ya kompyuta. Diploma ni karatasi. Karatasi nimezibeba maisha yangu yote, kutoka ofisi hadi ofisi, na hakuna hata moja iliyonitisha.

Nikasimama. Nikasema nimeshika kompyuta kabla Ruqiyo hajazaliwa. Ni kweli. Nilizishika nikizipandisha ngazi, lifti ilipoharibika. Nikasema pia kwamba mtu aliyekaa karibu na mashine hizo hadi kustaafu hafundishwi na mtoto. Hilo nalo ni kweli. Kiti changu cha utarishi kilikuwa kando ya mlango wa chumba chao.

Nyawira akaniuliza kama ninaweza kueleza kompyuta ni nini. Nikajibu kwamba swali kama hilo haliulizwi mtu kama mimi. Watu wakacheka, sijui kwa nini. Mwishowe akaamua: Jumamosi mimi na Ruqiyo tutasimama mbele ya wakazi, kila mmoja aeleze kompyuta ni nini na sehemu zake zinafanya nini. Watu watanyoosha mikono na kuchagua.

Ruqiyo alikubali kwa upole. Aliniita mzee wangu. Upole wa namna hiyo naujua. Ni wa mtu anayenoa kisu.

Sina wasiwasi wowote.


Jumanne, 15 Julai

Mtu anayejua mambo hujiandaa. Nilifungua ukumbi mapema nikaleta kompyuta moja nyumbani kufanya mazoezi. Yaani skrini yake na kibodi. Lile sanduku la chuma linalokaa chini ya meza nililiacha. Lina vumbi, lina matundu nyuma, na lilipowashwa siku ile lilivuma kama friji. Nilijua mara moja kwamba kazi yake ni kupoza stima, umeme usichemke. Mtu asiye na uzoefu angelibeba bure.

Niliweka skrini mezani nikachomeka waya ukutani. Taa ndogo ikawaka. Mwanzo mzuri. Kibodi nacho kina waya, lakini skrini haikuwa na mahali pa kuuchomeka. Nikaufunga kwenye mguu wa skrini kwa kamba ya kiatu. Nikaandika jina langu kamili, pamoja na la babu. Halikutokea. Yakaja maneno ya Kiingereza, kwamba mawimbi hayapo.

Tatizo la mtandao, basi. Nyumba yetu iko chini kabisa na hata simu hushika vibaya. Nikaomba waya mrefu kwa jirani, nikaipandisha skrini hadi juu ya paa la ploti, kwenye kamba za nguo. Niliielekeza Spine Road. Hakuna. Niliielekeza Komarock. Hakuna. Niliiinua juu ya kichwa. Akina mama waliokuwa wakianua nguo waliniuliza kama ninauza televisheni. Sikuwajibu. Watu wasioelewa kazi hawajibiwi.

Mke wangu Phelister akapanda kunitafuta. Aliitazama skrini, akanitazama mimi, akauliza sanduku liko wapi.

Nikamuuliza amejuaje kwamba kuna sanduku.

Akasema chai inapoa.


Jumatano, 16 Julai

Nimesalitiwa, tena ndani ya nyumba yangu.

Nilirudisha skrini ukumbini, kimya kimya, kisha alasiri nikapita nje ya dirisha na ndoo ili ionekane nina shughuli. Ruqiyo alikuwa ameshaanza kufundisha. Eti darasa la majaribio tangu Jumatatu, kwa idhini ya Nyawira na funguo zake za akiba. Na mstari wa mbele, leso kichwani, miwani puani, ameketi Phelister. Mke wangu wa ndoa. Anaandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama, na anatabasamu.

Nikainama chini ya dirisha. Si kudukua. Ni kukagua.

Ruqiyo alikuwa amelifungua ubavuni lile sanduku. Nilishtuka, maana ndani hakukuwa na kitu cha kupoza stima isipokuwa feni ndogo tu. Alisema hivi, na nitakuwa mkweli kwa sababu ni shajara: alisema kompyuta ni mashine inayopokea kitu, ikakifanyia kazi kwa kufuata maagizo, kisha ikakuonyesha jibu. Kibodi na kipanya ni vya kuingizia. Skrini ni ya kuonyeshea. Kazi yenyewe inafanyika sandukuni. Watu huliita sanduku lote sipiyu, akasema, lakini sipiyu halisi, yaani prosesa, ni kipande kidogo cha mraba kilichojificha chini ya feni. Ndicho kinachohesabu. Kina kasi ya ajabu lakini hakina akili ya kwake. Kisipoambiwa la kufanya hakifanyi lolote.

Hapo nilimkumbuka bosi wangu mmoja.

Halafu akabonyeza vibanio viwili akachomoa kibao chembamba, kama kijiti cha kupimia, chenye meno ya rangi ya dhahabu. Nikasogea karibu zaidi. Akasema, "Hii ndiyo kumbukumbu. Yote unayoandika sasa hivi yako hapa."

Wakati huohuo likapita gari lenye kipaza sauti likinadi dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, hata panya sugu. Likasimama papo hapo. Midomo ya Ruqiyo iliendelea kusogea na mimi sikusikia kitu. Gari lilipoondoka, nilidaka mwisho tu: "Ukiitoa, kompyuta haiamki."

Inatosha. Nimesikia ninachohitaji.

Jioni nilimuuliza Phelister alishindaje. Akasema alikuwa kwa chama cha akina mama. Nikamwambia chama kimemfaa, vidole vyake vimechangamka.


Alhamisi, 17 Julai

Mpango umekamilika. Ni mzuri hadi unanitisha mwenyewe.

Kwanza nilishauriana na Mutunga, fundi viatu, ambaye hucheza nami drafti kando ya kibanda chake. Sikumtajia jina la mtu. Nilimuuliza tu, ukitaka mwenzako ashindwe kuimba, utafanya nini. Akasema utamficha kitabu cha nyimbo. Mutunga ana busara akiwa hajashika nyundo.

Asubuhi nikafungua ukumbi kabla ya mtu yeyote. Ruqiyo hutumia kompyuta iliyo karibu na dirisha, na ubavu wa sanduku lake hauna hata skrubu moja. Nikauvuta. Nikakiona kibao. Kina vibanio viwili, kimoja kila upande. Nikabonyeza kama nilivyomwona akifanya, na kikaruka chenyewe mkononi mwangu, kwa hiari yake. Nikakifunga kwa kitambaa, nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Jumamosi atabonyeza kitufe mbele ya watu wote na mashine yake haitakumbuka hata jina lake. Huo si wizi. Ni mali ya wakazi na mimi ni mkazi.

Nyawira akatokea nikiwa nafunga mlango. Nilidhani amenikamata. Kumbe alikuja kwa jambo jingine. Akina mama wamemwambia kuna skrini ya ukumbi ilionekana ikiota jua juu ya ploti. Akanyoosha mkono akataka funguo. Nikamweleza kwamba ulikuwa utafiti. Akasema utafiti umeisha, na ukumbi hautafunguliwa tena hadi Jumamosi. Nikampa funguo, lakini kwa namna ya mtu anayemkopesha mwenzake.

Haijalishi. Kilichotakiwa kufanyika kilikuwa kimefanyika.

Hivyo ndivyo nilivyodhani hadi chakula cha jioni. Phelister akaweka ugali na mboga, akaketi, akasema anataka kuniambia kitu. Ni kweli anaenda kwa Ruqiyo. Alinificha kwa sababu anajua ningemcheka. Anaandika habari za marehemu mama yake, tangu alipotoka Ugenya akiwa bado kijana hadi alipofariki mwaka jana. Anataka zisomwe Desemba tukienda nyumbani kwa ukumbusho. Phelister aliacha shule darasa la sita. Hajawahi kuandika zaidi ya barua. Sasa, kwa siku tatu tu, ana kurasa kadhaa, na kila darasa anaongeza.

Nikamwambia ni jambo jema. Kisha nikauliza, hivi hivi tu, huwa anatumia kompyuta ipi.

Akasema ile ya karibu na dirisha. Huipenda kwa sababu ya mwanga.

Ugali ulikwama kooni. Phelister akanigonga mgongoni, upande ule ule wa koti.


Ijumaa, 18 Julai

Mama mkwe wangu yuko mfukoni mwangu.

Sijui niandike kwa namna gani nyingine. Yote aliyoyaandika Phelister yako kwenye kibao hiki, na kibao kiko kifuani mwangu, na ukumbi umefungwa. Ruqiyo haji Ijumaa kwa sababu ya sala. Funguo ziko kwa Nyawira. Nilienda kumwambia nimesahau ufagio ndani. Akanipa ufagio wake.

Nimetembea siku nzima kama niliyebeba yai. Sikuketi karibu na jiko. Manyunyu yalipoanza nilivua kofia nikafunika kifua, kichwa kikalowa. Kijana mmoja akanipiga kikumbo sokoni na nilimgeukia kwa maneno ambayo mama mkwe mwenyewe angekataa kuyasikia.

Nilimwonyesha Mutunga, kitambaa kikiwa kimefunuliwa kidogo tu. Akasema vitu vya umeme vikipata shida hutiwa ndani ya mchele. Nikamwambia hii haijalowa. Akasema basi ilambwe kidogo kwenye yale meno ya dhahabu, betri za redio alizifufua hivyo. Nikakifunika. Mutunga hana busara hata kidogo.

Jioni Phelister alikuwa na furaha. Akaanza kunisimulia alikofika, bila kuombwa. Mama yake alishuka kwenye treni na sanduku la bati na mtoto mgongoni. Akapokelewa Majengo na shangazi aliyemlaza kwenye gunia. Akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Gikomba, akianika kwenye bati la jirani ambaye alimchukia kwa harufu, kisha akawa rafiki yake hadi kaburini. Kuna mambo ambayo sikuyajua, na nimeishi na binti yake miaka yote hii.

Nikamuuliza kama nimo.

Akasema nimo, sehemu mbili. Ya kwanza ni siku niliyopeleka mahari, mama yake akamwambia pembeni: "Huyu mume wako, mdomo wake hufika kabla yake." Nikasema hilo lingeweza kuachwa. Phelister akasema subiri. Ya pili ni ule mwaka mama alipougua na gari la wagonjwa halikuweza kuingia kwenye njia yetu kwa sababu ya mtaro uliochimbwa. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Mama yake alimwambia baadaye: "Yule mtu alinibeba bila kusema neno lolote. Nilidhani nimeshakufa."

Akacheka hadi akafuta machozi. Mimi niliinuka nikaenda kusimama nje kwenye baridi.

Nilishika mfuko. Nilimwambia mama anisamehe. Hakujibu, lakini hata alipokuwa hai hakuwa mwepesi wa kunijibu.

Ninaandika haya na sikubali kwamba nimekosa. Kosa ni la gari la dawa ya kunguni. Ila nakubali kwamba sijisikii vizuri.


Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika kila kitu, kwa sababu mtaani kunazagaa hadithi za uongo.

Ukumbi ulijaa. Barre mwenyewe alikuja, akaketi mbele na kofia yake nyeupe. Nilikuwa nimepanga kufika wa kwanza nikirudishe kibao mahali pake, lakini Nyawira alifika kabla yangu. Lile sanduku la dirishani lilikuwa limeshapandishwa juu ya meza, mbele ya macho ya watu wote.

Nilianza mimi. Nilivaa tai. Nilisema kompyuta ni mashine inayopokea, ikafanya kazi, ikatoa jibu, maneno ambayo nilikuwa nayo siku nyingi. Nilionyesha kibodi, nikaonyesha skrini. Nikasema prosesa ni bosi, ana kasi na hana akili. Watu wakapiga makofi. Niliona Ruqiyo akinitazama kwa mshangao. Ningekomea hapo ningeshinda.

Bibi mmoja akauliza: mashine ikizimwa, maneno ya mtu yanaenda wapi?

Nikajibu kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka. Nikasema yote yanakaa kwenye kibao chembamba kiitwacho kumbukumbu, na kibao hicho kikipotea, maneno yamepotea milele. Sauti ilikatika hapo mwisho. Watu walidhani ni ufundi wa kuhutubia.

Ruqiyo akaja mezani. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, kisha mashine ikalia, mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena. Skrini nyeusi. Akabonyeza tena. Mlio uleule. Watu wakaanza kunong'ona. Barre akageuza kichwa. Huu ndio wakati niliousubiri tangu Alhamisi, na nilikuwa na haki ya kuufurahia.

Phelister akasimama kwenye kiti chake. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ruqiyo, mwanangu, mama yangu yumo humo?"

Nimeishi na Phelister miaka mingi. Nimemwona akizika. Uso ule sikutaka kuuona mara ya pili.

Nikainuka. Nikatembea hadi mbele, nikatia mkono kotini, nikatoa kitambaa. Nikamwambia, "Yuko hapa. Nilimtunza. Hakulowa."

Nilisikia mayai yakikaangwa kwenye kibanda cha nje.

Ruqiyo alikichukua kibao. Akakisukuma mahali pake hadi vibanio vikajifunga, akabonyeza. Skrini ikawaka. Akafungua faili, na kurasa za Phelister zikatokea, moja baada ya nyingine, treni na sanduku la bati na omena. Phelister alikaribia akaweka mkono kwenye kioo. Mimi nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta Alhamisi. Nilijiona shujaa. Nilimrudisha mama kwa bintiye mbele ya kadamnasi. Nilisubiri makofi.

Nyawira akauliza ilikuwaje kumbukumbu ya ukumbi ikawa kotini mwangu. Nikasema nilikuwa naihifadhi. Akauliza dhidi ya nani.

Hapo Ruqiyo akageukia watu na kufanya kitu ambacho sitakisahau. Alifundisha. Hakunitukana hata kidogo. Alisema bibi ameuliza swali zuri na sasa tumepata mfano. Kibao kile, akasema, ni kama meza ya jikoni. Unapopika, kila kitu unakitandaza mezani ili mkono ukifikie upesi. Stima ikienda, meza inafutika, inabaki tupu. Ndiyo maana bila meza mpishi hawezi hata kuanza, na mashine hulia. Lakini chakula cha kesho hakilali mezani. Kinawekwa stoo. Stoo ya kompyuta ni diski, ile pale chini, na kila siku kabla ya kwenda nyumbani mama Phelister huhifadhi kazi yake kwenye diski. Haikutoka humo hata dakika moja.

Kisha akanitazama, kwa upole wake ule. "Mzee wangu, ulichokuwa umebeba kilikuwa kitupu."

Kitupu. Nililowa kichwa kwa ajili ya kitu kitupu. Niliomba msamaha kwa kitu kitupu.

Watu walicheka hadi Barre akavua miwani. Mutunga alicheka kuliko wote, yeye aliyetaka kilambwe. Phelister peke yake hakucheka. Aliniuliza polepole nilikibeba tangu lini. Nikasema tangu Alhamisi asubuhi. Akauliza kama ndiyo sababu jana nilisimama nje kwenye baridi. Nikasema nilikuwa napunga hewa.

Kura zikapigwa. Mikono ya Ruqiyo sikuihesabu. Nyawira alipouliza nani anamtaka mzee Willis, nilinyoosha mkono wangu. Nilipoona uko peke yake, nikanyoosha na wa pili. Sioni aibu. Mtu asipojichagua mwenyewe atachaguliwa na nani?


Jumapili, 20 Julai

Kanisani watu walinisalimia kwa kujigusa vifuani, upande wa mfuko. Nilijibu salamu zote kwa heshima. Hawatanivunja.

Nimefikiri sana na nimeona jambo lifuatalo. Kama meza inafutika stima ikienda, basi si kosa langu kibao kile kuitwa kumbukumbu. Aliyekipa jina hilo kitu kinachosahau kila jioni ndiye anayepaswa kusimamishwa mbele ya ukumbi. Nilimwambia Phelister. Akakubali kwamba jina linapotosha. Huo ni ushindi na nimeuandika.

Lakini akaongeza masharti. Kesho kutwa nitaingia darasani na nitaketi kando yake. Nitajifunza kuwasha, kuandika, kuhifadhi na kuzima. Na nitamwomba Ruqiyo radhi kwa kumharibia siku yake. Nikasema mwanamume wa umri wangu haombi radhi watoto. Akaniuliza kama ninataka ile sehemu ya mtaro na mgongo ibaki kwenye kitabu au itolewe.

Nitaingia darasani.


Jumanne, 22 Julai

Niliomba radhi. Nilifanya haraka, gari la dawa likiwa linapita. Ruqiyo akasema hajasikia vizuri. Nikarudia. Nadhani alisikia mara ya kwanza.

Darasa lenyewe si baya. Nilipinga mambo mawili tu. La kwanza, kwamba kuzima kompyuta ni lazima uanze kwa kuiomba, ukibonyeza palepale palipoandikwa Anza. Nilisema redio huzimwa kwa kuzimwa. Akasema ukiikata ghafla, kilichokuwa mezani na hakijapelekwa stoo kinapotea. Nikasema nilikuwa napima darasa. La pili silikumbuki.

Phelister alinionyesha jinsi ya kuhifadhi. Alinishika kidole akakipeleka kwenye vitufe viwili, akasema bonyeza pamoja. Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea machoni, na hilo linaniudhi kwa mashine hizi, mambo makubwa zinayafanya bila kelele. Akasema ndivyo hivyo, sasa iko salama.

Nilisoma ukurasa wake mpya kwenye skrini. Ameandika kwamba mama yake alibebwa na mkwewe mara mbili, ya kwanza mgongoni na ya pili mfukoni, na mara zote mbili mbebaji hakusema neno. Nikamwambia ya pili haikuwa kweli, kibao kilikuwa kitupu. Akasema anajua. Akaniambia nimwachie kitabu chake.

Nilikuwa na kitu machoni. Vumbi la yale masanduku.


Alhamisi, 24 Julai

Barre ametuletea printa. Kubwa, nzito, kama jeneza la mbuzi. Nyawira akauliza darasani nani anaweza kuiangalia, kwa kuwa Ruqiyo hatakuwepo hadi kesho, na atakuja baada ya sala.

Nilinyoosha mkono. Nilisema kule reli printa zote zilikuwa chini yangu. Ni kweli. Zilikuwa chini yangu nilipokuwa nikisafisha ghorofa ya juu.

Nyawira, sijui kama ni kwa huruma au uchovu, akasema sawa, ila nisiiguse. Akaniacha nifagie.

Nimefagia. Halafu nikaona si vizuri mtu apewe kitu kukiangalia na asijue ndani yake kuna nini. Wote walioaibika hapa mtaani waliaibika kwa kutojua. Nikafungua mlango wa mbele. Kuna gamba refu jeusi, linateleza lenyewe, kwa hiari yake. Nikalitikisa sikioni. Lilisikika kana kwamba limeziba. Nikalitikisa kwa nguvu zaidi, na nikaligonga kidogo kwenye ukingo wa meza, pale penye kifuniko.

Lilikuwa halijaziba. Ndani mna unga wa wino, mweusi kuliko makaa, mlaini kuliko wa ugali, na unasafiri. Nimeufuta mikononi kwa maji ya moto, ukazidi kushika. Nimerudisha gamba mahali pake. Limeingia, isipokuwa upande mmoja.

Kesho Phelister anachapisha kurasa zake zote kwa mara ya kwanza. Ameshapiga pasi leso ya kuzifungia. Aliponiuliza kama printa iko tayari, nilikuwa nimesimama kizani na mikono nyuma. Nikamwambia alale bila wasiwasi. Printa iko mikononi mwangu.

Hadi kwenye viwiko.